Sababu na Hatia

Katika vijiji vyetu vya huku Morogoro, mtu akifa ghafla hali hajazeeka, swali la kwanza aghalabu halihusu ugonjwa wake. Watu huuliza: kafanywa nini, na kafanywa na nani? Swali hili nimelisikia tangu utoto wangu. Nilipokuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi nililicheka mbele ya wanafunzi wangu, nikaliita swali la watu wasiosoma. Leo naandika insha hii kwa sababu siku moja mimi niliyesoma nililiuliza swali hilo hilo, nikalijibu kwa sauti kubwa, na jibu langu likamwumiza mtu asiye na kosa.

Mikese ni mji mdogo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 30 kabla hujafika Morogoro. Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 katika utawala wa Wajerumani, inapita hapa, na milima ya Uluguru tunaiona upande wa kusini-magharibi. Kaka yangu mkubwa alikuwa mkulima na mfanyabiashara ya mahindi. Mkewe, yaani shemeji yangu, alikuwa mama lishe. Kibanda chake kilikuwa barabarani, na madereva wa malori walikijua kwa chapati zake, maharage ya nazi na samaki wa kukaanga. Kibanda hicho ndicho kilichowasomesha watoto wao watatu.

Mwaka 2009 kaka alirudi kutoka shambani akilalamika kwamba kifua kinambana na mkono wa kushoto unakufa ganzi. Kabla halijapatikana gari la kumpeleka mjini, akakata roho. Alikuwa na umri wa miaka 47.

Siku ya kuanua matanga, wazee walikaa kutafuta neno. Wapo waliokwisha kuanza kunong'ona habari za uchawi. Nikaona haya kwamba jambo hili linazungumzwa nyumbani kwa mwalimu, nikainuka. Nikasema hapana, ndugu zangu, hapa hakuna mchawi. Nikaeleza, kama nilivyosoma gazetini, kwamba kuna kitu kiitwacho kolesteroli, na wengine hukiita lehemu, ambacho huingia mwilini kwa vyakula vya mafuta na kuziba mishipa ya moyo. Nikamaliza kwa kusema, "Kaka yangu ameuawa na chungu cha nyumbani kwake." Shemeji alikuwa ameketi mkekani pamoja na wanawake wenziwe. Hakuinua uso.

Nilidhani nimewaokoa watu na ushirikina. Kumbe nilikuwa nimewapa mchawi mpya, mwenye jina na kibanda. Msomaji asiyewajua Waluguru na afahamu kwamba sisi hufuata ukoo wa mama. Mimi na marehemu tulikuwa wa lukolo moja. Mkewe na watoto wake ni wa lukolo nyingine. Kwa hiyo neno langu halikuwa neno la mwalimu tu. Lilikuwa neno la ukoo wa marehemu juu ya mtu wa ukoo mwingine, na likapokewa hivyo. Madereva waliendelea kula kwake, kwa kuwa hawakujua lolote, lakini watu wa hapa kijijini wakaanza kukipita kibanda. Mwaka uliofuata akakihamishia ng'ambo ya barabara, mbali na nyumba yetu. Tukawa tunaamkiana tu, kwa adabu, kama watu wanaokutana kituo cha basi.

Miaka saba ilipita. Mwaka 2016 nilikwenda Morogoro kutibiwa macho, nikashauriwa kupima damu. Mimi ni mtu mwembamba, situmii sigara wala pombe, na chakula changu ni ugali, mlenda na dagaa. Lehemu yangu ilikutwa 8.9 kwa kipimo ambacho kwa kawaida hutakiwa kisizidi 5. Daktari hakuniuliza ninakula nini. Aliniambia nivue viatu, akashika kano la nyuma ya kisigino changu, akaliminya kwa vidole viwili, kisha akatazama vifundo vya mikono yangu. Akauliza, "Mzee, vinundu hivi, nyumbani kwenu nani mwingine anavyo?"

Nikanyamaza. Kaka yangu alikuwa navyo. Baba yetu pia alikuwa navyo, vikubwa zaidi, na sisi watoto tulivichezea alipokuwa amelala. Baba alifia shambani mwaka 1974, ghafla, hajafika hata miaka 45.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma upya kile nilichojidai kukijua. Naomba msomaji anivumilie kidogo nieleze, maana bila maelezo haya swali la hatia halitaeleweka.

Neno lehemu tunalo zamani katika lugha yetu. Ni ile madini anayoyeyusha fundi bati ili kuungia kopo lililotoboka. Sijui kama aliyelipa kolesteroli jina hili alikusudia sana, lakini hakukosea. Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai zisizohesabika, na kila chembe imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Ndani ya utando huo lehemu hukaa katikati ya mafuta mengine, ikauzuia usiwe laini mno wala mgumu mno. Bila hiyo chembe haiwezi kushika umbo lake. Ubongo, ambao ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, una takriban sehemu moja ya tano ya lehemu yote, kwa maana nyuzi za fahamu zimevikwa mafuta yenye lehemu nyingi. Ini huitumia kutengeneza asidi za nyongo, ambazo hutusaidia kusaga mafuta tunayokula. Homoni zinazomfanya mvulana kuota ndevu, na zile zinazomwezesha mwanamke kulea mimba, asili yake ni lehemu. Vitamini D, itengenezwayo katika ngozi kwa nguvu ya jua, hutokana na ndugu yake wa karibu sana. Wapo watoto wachache wanaozaliwa mwili wao ukiwa hauwezi kutengeneza lehemu ya kutosha, nao huzaliwa na kasoro nzito za viungo na akili.

Basi hiki ndicho kitu nilichokiita muuaji mbele ya wazee.

Tena nilisema huingia kwa chakula. Huingia, ni kweli, kwa mayai, nyama, maini na maziwa. Lakini sehemu kubwa zaidi mwili huitengeneza wenyewe, hata kwa mtu asiyegusa nyama. Huanza na vipande vidogo vyenye kaboni mbili mbili, ambavyo hupatikana katika kuunguzwa kwa wanga na mafuta. Yaani hata ugali wangu una mchango wake. Vipande hivyo huunganishwa hatua kwa hatua mpaka kupatikana mnyororo wa kaboni 30, mnyororo hujikunja ukawa pete nne zilizoshikana, na baada ya kupunguzwa hapa na pale hutokea lehemu yenye kaboni 27. Konrad Bloch na Feodor Lynen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1964 kwa kazi ya kuifuatia njia hiyo ndefu. Na mafuta ya mimea, ambayo shemeji alikaangia chapati zake, hayana lehemu ya kutajika kabisa, ingawa baadhi ya mafuta mazito yanaweza kuisukuma ile ya damuni ipande.

Jambo la tatu ndilo lililonigusa zaidi. Mafuta na maji havichanganyiki, na damu ni maji. Kwa hiyo lehemu haiwezi kusafiri peke yake, lazima ibebwe. Wazee wa Mikese walitusimulia habari za mwaka 1916, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, jinsi mizigo ya jeshi ilivyoshushwa hapa kutoka garini moshi na kubebwa na wapagazi kwa miguu kuelekea Duthumi na Rufiji. Damu nayo ina wapagazi wake, vifurushi vidogo vya protini na mafuta. Wapo wanaoitoa lehemu kwenye ini na kuipeleka mwilini, na wapo wanaoikusanya mwilini na kuirudisha kwenye ini. Wa kwanza tumewaita lehemu mbaya, wa pili lehemu nzuri. Lakini mzigo ni ule ule. Lehemu iliyomo katika mbaya haitofautiani hata kwa chembe moja ya kaboni na ile iliyomo katika nzuri.

Ubaya basi unatoka wapi? Hutokea pale wapagazi wanapokuwa wengi mno njiani na hakuna wa kuwapokea. Kwa kawaida ini huwa na vipokezi, mithili ya mikono iliyonyooshwa, vinavyowashika wapagazi hao na kuwaondoa katika damu. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani walivigundua vipokezi hivyo mwaka 1973, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Walivigundua kwa kuchunguza watu wa aina yangu, ambao wamerithi kasoro kutoka kwa mzazi mmoja au wote wawili, hata vipokezi vyao vikawa pungufu. Duniani kuna mtu mmoja wa namna hii katika kila 250 hadi 300 hivi. Wapagazi huzunguka siku nyingi bila kupokelewa, wakapenya katika kuta za mishipa na kutua mizigo yao humo. Wengine huitua katika kano za visigino na mikono. Kazi hiyo huanza ujanani na kwenda kimya kimya kwa miongo, mpaka siku mshipa wa moyo unapoziba.

Kaka yangu alianza kufa tangu siku aliyozaliwa, kabla hajamjua mkewe.

Nisieleweke vibaya. Sisemi chakula hakina maana. Mafuta mazito yakizidi hupandisha lehemu, na sigara, shinikizo la damu na kisukari huongeza madhara ya lehemu hiyo. Mtu wa mjini anayekula nyama choma kila jioni na kwenda kazini kwa gari hawezi kujificha nyuma ya insha yangu. Ninachosema ni kwamba chakula peke yake hakitoshi kueleza kila kifo. Katika miaka ya 1960 Mmarekani George Mann alikuja nchini mwetu kuwachunguza Wamaasai, ambao chakula chao kilikuwa maziwa na nyama. Akakuta lehemu katika damu yao iko chini, na dalili za maradhi ya moyo ni chache sana. Mwaka 1972 akatoa taarifa ya mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliochunguzwa baada ya kufa. Mafuta yalikuwamo katika kuta za mishipa, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, labda kwa sababu ya kutembea kwao kwingi. Na mwaka 1993 madaktari wetu wa Tanzania, pamoja na wenzao, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wanavijiji wa mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara: kwa jumla lehemu yao ilikuwa ya chini. Yaani hapa mkoani kwetu mtu wa kijijini mwenye lehemu kama ya kaka yangu alikuwa si wa kawaida, na mimi, kama ningekuwa mwalimu wa kweli, ningejiuliza kwa nini wengine waliokula chungu kile kile miaka nenda miaka rudi walikuwa wazima, akiwamo mwenye chungu.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Hata tuseme nilikuwa sahihi. Tuseme kaka alikufa kwa sababu ya chungu. Je, hapo shemeji angekuwa na hatia?

Nimelifikiria swali hili usiku mwingi, na jibu langu ni hapana. Sababu ni kitu kimoja na hatia ni kitu kingine. Mvua ni sababu ya mafuriko, wala hatuishitaki. Ili mtu awe na hatia, ni lazima awe alijua, au alipaswa kujua; awe na njia nyingine ya kufanya; na awe ameiacha njia hiyo kwa kutojali. Shemeji alipika alichopenda mumewe, kwa fedha aliyokuwa nayo, kama alivyofundishwa na mama yake, na kaka alikula kwa mkono wake mwenyewe na kushukuru. Hakuna hata sharti moja lililotimia. Lakini msiba hauna subira ya kupima masharti. Uchungu unataka uso wa kuutazama kwa chuki, kwa maana kumchukia mtu ni kwepesi kuliko kukubali kwamba mpendwa wako ameondoka na hapana wa kudaiwa. Wazee walitaka mchawi. Mimi nilitaka mpishi. Tofauti ilikuwa ya msamiati tu.

Je, basi hakuna mwenye hatia popote? Yupo. Nikiyapima matendo yangu kwa masharti yale yale, naona yote yametimia. Nilijua nusu, na nilijua kwamba najua nusu, kwa kuwa habari nzima niliitoa katika kipande kimoja cha gazeti. Nilikuwa na njia nyingine: kunyamaza. Sikuifuata kwa sababu nilitaka nionekane mtu wa elimu. Kosa langu halikuwa kutojua. Kutojua ni hali ya kila mtu. Kosa lilikuwa kuisema nusu ya elimu kwa sauti ya elimu nzima, mbele ya watu walioniamini kwa kuwa niliwafundisha kusoma.

Daktari aliniambia jambo moja zaidi. Kila mtoto wa mtu mwenye kasoro hii ana nafasi sawa ya kuirithi au kutoirithi, mithili ya kurusha shilingi. Watoto watatu wa kaka walikuwa wamebaki na shilingi zao hewani. Ukoo tunaurithi kwa mama, lakini damu hii ilitoka kwa baba na haikuuliza lukolo. Nikiendelea kumwonea haya shemeji, mmoja wao angeweza kufa kama babu yao na baba yao, na safari hiyo hatia isingetafutwa kwa mtu mwingine.

Nilikwenda jioni, amekwisha kufunga kibanda. Akanipa kigoda. Nikamweleza yote, kuanzia kisigino changu mpaka vinundu vya baba, nikamwomba radhi, nikamwomba awapeleke watoto wakapimwe na gharama nitazibeba mimi. Alisikiliza mpaka mwisho huku akisugua sufuria. Kisha akasema, "Watoto nitawapeleka, shemeji. Lakini lile neno ulilisema mbele ya watu. Na hili nalo nenda kalisemee hapo hapo."

Nilitamani aseme nimekusamehe, yaishe. Lakini alikuwa na haki. Nilikuwa nimemvunjia heshima mchana, nami nikaja kuomba radhi gizani. Mwezi uliofuata palikuwa na kikao cha ukoo, nikainuka mahali pale pale nilipoinuka mwaka 2009. Magoti yalinitetemeka kuliko siku ya kwanza niliposimama mbele ya darasa. Nikasema nilidanganya, si kwa kukusudia uongo, bali kwa kusema nisichokijua. Nikavua viatu, nikawaonyesha wazee kisigino changu. Mzee mmoja alicheka. Wengine walinyamaza. Shemeji alikuwapo, alitikisa kichwa mara moja, akatoka kwenda kutazama moto.

Kati ya watoto wale watatu, mmoja alikutwa na kasoro, binti wa pili. Anameza dawa za jamii ya statini kila siku, kama mimi. Dawa hizi chanzo chake ni kazi ya Akira Endo wa Japani, ambaye katika miaka ya 1970 alitafuta katika kuvu mpaka akapata kitu kinachopunguza kasi ya ini kutengeneza lehemu. Ini likipungukiwa, huongeza vipokezi vyake na kuitoa zaidi katika damu. Binti huyo sasa ni mtu mzima. Kibanda anakisimamia yeye, na mimi hula pale kila Jumamosi, maharage kwa chapati moja, maana daktari kanikataza mbili.

Lakini liko deni jingine. Baba alipokufa mwaka 1974, wazee waliuliza swali lao na wakapata jibu: bibi mmoja mjane, jirani yetu, aliyeishi peke yake na kufuga paka. Hakupigwa. Walimzomea tu, wakaacha kumwazima moto, mpaka akafunga mzigo wake akaelekea milimani, hatukumwona tena. Mimi nilikuwa mtoto, na nilizomea pamoja na wenzangu. Nimeulizia habari zake katika vijiji vya juu. Niliambiwa alifariki zamani na hakuacha mtu. Huyu sina pa kwenda kumwomba radhi, wala hakuna kikao cha kuinuka. Ndiyo maana nimeiandika insha hii. Ewe msomaji, siku ukiwa umeketi matangani na swali lile likianza kuzunguka jamvini, nakusihi ujue kwamba pengine sababu ya kifo iko katika visigino vya nyumba yako mwenyewe, na kabla hujamtaja mtu yeyote, unyamaze.